Jazz ya Tabora na Njia ya Pembe

Mtu anayekwenda Tabora kwa gari la moshi kutoka Dar es Salaam ana nafasi ya kutosha ya kuwaza. Ni safari ya kilometa 840 hivi. Ukiisha kupita Manyoni na Itigi, nchi inalala tambarare, misitu ya miyombo inafuatana dirishani saa baada ya saa, na hapa na pale utaona mzinga wa nyuki umetundikwa juu ya tawi. Kila stesheni ina wachuuzi wake. Huku watakuuzia karanga, huku kuku wa kuchoma, na mbele kidogo asali katika chupa. Mwisho unashuka Tabora, na jambo la kwanza unaloliona ni miembe. Ni miti mikubwa, mizee, yenye kivuli kizito, nayo imesimama kando ya barabara kama iliyopangwa. Wenyeji husema iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara ya zamani.

Habari za Tabora ni nyingi, na watoto wetu wanazisoma shuleni. Mapadri Weupe wa kwanza walipita hapa mwaka 1878, kisha wakagawanyika, wengine wakashika njia ya Ujiji na wengine ya Buganda. Reli ilifika mwaka 1912. Mwalimu Nyerere alisoma katika Shule ya Tabora, na baadaye akafundisha shule ya Mtakatifu Maria. Lakini mimi safari hii sikufuata mambo hayo. Nilifuata muziki.

Msomaji mpenzi, kama una umri wa kutosha, au kama baba yako alikuwa na redio ya betri, basi unayajua majina haya: Kiko Kids, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz. Zote ni bendi za mji huu. Kiko Kids ya Salum Zahoro, iliyovuma tangu miaka ya 1950, ilikuwa na mandolini, chombo kidogo chenye sauti kali ambacho bendi nyingine hazikuwa nacho. Tabora Jazz ilijiita wana Segere Matata. Humo alikuwamo Shem Karenga, mtu wa Kigoma, ambaye wimbo wake “Dada Asha” ulisikika kila mahali palipofika redio. Alifariki dunia mwaka 2014. Na Western Jazz, ingawa ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende, jina lake lilitoka huku, kwa kuwa huku ndiko kulikokuwa Jimbo la Magharibi.

Yafaa hapa tueleze neno lenyewe. Huko Marekani jazz ni muziki uliozaliwa na watu weusi, hasa katika mji wa New Orleans, mwanzoni mwa karne iliyopita. Sisi tulilichukua jina tukalipa kazi nyingine. Kwetu, na kwa jirani zetu wa Kongo pia, jazz ilikuwa bendi ya dansi yenye magitaa, ngoma na pengine saksafoni, ikipiga rumba. Franco wa Léopoldville aliiita yake OK Jazz mwaka 1956. Hakuna aliyelalamika kwamba hiyo si jazz ya Wamarekani. Watu walicheza.

Lakini ukisikiliza jazz ya kwao, utakuta chombo kimoja kinatangulia mara nyingi, nacho ni piano. Wanao mtindo wa watu watatu tu: mmoja piano, mmoja besi, mmoja ngoma. Hakuna kwaya nyuma, hakuna tarumbeta za kuficha kosa. Afrika nayo imetoa kundi la namna hiyo. Abdullah Ibrahim wa Cape Town, aliyezaliwa mwaka 1934 na kuitwa zamani Dollar Brand, alikulia katika nyumba ambayo bibi yake alikuwa mpiga piano wa kanisa. Mwaka 1963 Duke Ellington, mkuu wa wapiga piano wa Marekani, alimsikia huko Zürich pamoja na wenzake wawili, akawapeleka Paris kurekodi santuri.

Sasa swali langu lilikuwa hili: kwa nini Tabora, mji wa jazz, haukuwa mji wa piano?

Jibu lake nililianza Kwihara, kilometa chache nje ya mji. Pale pana tembe, nyumba ya udongo yenye paa la bapa, ambayo imejengwa upya mahali walipokaa Stanley na Livingstone mwaka 1872. Livingstone alikaa hapo hadi Agosti mwaka ule, ndipo akaenda zake kusini asirudi tena akiwa hai. Wageni hutazama ramani, picha na barua, kisha huondoka. Mimi nilikaa barazani nikitazama njia. Kwa maana hapa Unyanyembe ndipo njia zilipokutana: ya Ujiji na Kongo, ya Karagwe na Buganda, na ile kuu ya kushuka Bagamoyo. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika hapa Novemba.

Kitu chochote kilichopita njia ile kilipita juu ya bega la mtu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Kutoka pwani walileta shanga, waya wa shaba na nguo, hasa ile nguo ngumu isiyotiwa rangi ambayo babu zetu waliiita merikani kwa sababu ilifumwa Marekani. Kurudi pwani walibeba pembe za ndovu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliokubaliana ujira wao, nao walijivunia kazi hiyo. Kijana ambaye hajaiona pwani alihesabiwa bado mtoto. Lakini tusiipambe njia hii. Pamoja nao walipita watu waliofungwa minyororo shingoni, ambao hawakukubaliana ujira na mtu.

Na msafara haukwenda kimya. Mbele alitangulia kirangozi katika nguo nyekundu, nyuma yake mtu wa ngoma. Pembe za wanyama zilipulizwa wakati wa kuondoka na wakati wa kukaribia kijiji. Burton aliandika kwamba wabeba pembe za ndovu walifunga kengele ya ng'ombe kwenye ncha ya pembe, ikawa inalia kila hatua. Fikiri basi msururu wa mamia ya watu, kengele zikigonga, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia, kwa muda wa miezi mitatu. Ile ilikuwa bendi kubwa kuliko zote zilizowahi kutoka Tabora.

Je, pembe zile zilikwenda wapi? Wengi wetu tunajibu “Unguja”, tunanyamaza. Kweli zilifika Unguja. Lakini pale Unguja walikuwapo wafanyabiashara wa Kimarekani tangu enzi za Seyyid Said, ambaye alifanya nao mkataba mwaka 1833, na wao ndio walioleta merikani. Walinunua pembe wakazipakia melini. Sehemu kubwa ilifika katika jimbo dogo la Connecticut, katika vijiji viwili jirani, Deep River na kingine kilichoitwa Ivoryton, yaani Mji wa Pembe. Huko walikuwako mabwana wa viwanda, Pratt, Read na wenzake, na Comstock, Cheney na wenzake. Pembe zilikatwa kwa misumeno kuwa vipande vyembamba, zikatiwa dawa, zikapangwa ndani ya nyumba ndefu za vioo ili jua lizifanye nyeupe. Kisha vipande vile vilibandikwa juu ya meno ya piano, vile vibao ambavyo mpigaji huvibonyeza kwa vidole. Piano moja ina meno 88, na meupe ni 52. Wenye kuijua kazi ile walihesabu kwamba pembe moja kubwa ilitosha piano 45 hivi.

Walipenda pembe za Afrika ya Mashariki kuliko nyingine kwa kuwa ni laini, hazipasuki upesi. Mwaka 1909 peke yake viwanda vya Marekani vilitengeneza piano zaidi ya 350,000. Karibu kila familia yenye uwezo kidogo ilitaka kuwa na piano sebuleni. Kanisani ilikuwamo, na vilabuni ilikuwamo. Na ndiyo miaka ileile ambayo vijana weusi wa New Orleans na miji mingine walikuwa wakikaa mbele ya piano hizo wakibuni muziki mpya. Hata leo Waingereza na Wamarekani, wakimtania mpiga piano, husema anatekenya pembe. Hakuna awezaye kuonyesha kwamba jino fulani la piano lilitoka Unyanyembe. Lakini hesabu ya njia, meli na viwanda inaonyesha kwamba mengi yalipita hapa, mbele ya baraza ile ya Kwihara, na kengele ya ng'ombe kwenye ncha.

Basi piano nzima haikurudi. Isingeweza. Hata piano ya kawaida ya kusimama ukutani ina uzito wa kilo 200 na zaidi, na hakuna mpagazi wa mzigo huo. Kilichoingia bara ni muziki unaobebeka. Marimba ya mkono, ile ya vibao vya chuma inayochezwa kwa vidole gumba, ilisafiri Kongo nzima pamoja na wapagazi na vibarua. Kinanda kidogo cha kupuliza hewa kwa miguu kiliingia misioni. Ngoma ya beni, yenye matarumbeta na gwaride la kuigiza askari, ilitoka pwani ikafuata makarani na askari hadi Tabora na Ujiji. Mwaka 1916 Wabelgiji waliuteka mji, tarehe 19 Septemba, na askari wao wa Kongo wakakaa hapa. Halafu ikaja santuri, ikapanda gari la moshi kama abiria wengine. Santuri za Kuba zilizosikika katika gramafoni ndizo zilizowafundisha vijana wetu rumba. Na gitaa ni jepesi. Mtu hulibeba begani, akashuka stesheni yoyote, akapiga.

Ndivyo Tabora ilivyopata jazz ya magitaa. Tazama pia mahali penyewe. Reli ya Kigoma na reli ya Mwanza zinaachana hapa. Mtu aliyetoka Kigoma na nyimbo za Kongo masikioni alikutana hapa na mtu aliyetoka Dar es Salaam na habari za mjini, na wote wawili walikuwa na saa nyingi za kungojea gari.

Sasa nieleze nilichokisikia mwenyewe. Jumamosi ile mwenyeji wangu alinipeleka kwenye ukumbi mmoja wa kawaida, wenye viti vya plastiki na nyama choma uani. Wapigaji walikuwa watatu. Kijana mmoja alikuja kwa bodaboda, amekumbatia kinanda cha umeme kilichofungwa katika shuka. Wa pili alikuwa mzee mwenye gitaa la besi. Wa tatu alikuwa na ngoma tatu na toazi moja lililopasuka ukingoni. Nikacheka moyoni. Baada ya miaka mia na zaidi, piano imefika Tabora, nayo imekuwa mzigo wa mtu mmoja! Uzito wake haufiki hata frasila moja.

Mzee alianza peke yake, polepole, noti chache, kama mtu anayegonga mlango wa jirani usiku. Ngoma ikamfuata kwa mbali. Yule kijana alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani kinanda kimeharibika, kisha akaingia na wimbo wa zamani wa dansi ambao ukumbi mzima uliutambua kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Akina mama wawili waliokuwa wanakula waliacha sahani wakainuka. Sehemu ambazo zamani zilikuwa za gitaa la solo aliziweka katika mkono wa kulia. Ya ridhimu aliiweka katika mkono wa kushoto. Watu watatu wakawa wanafanya kazi ya wanane.

Wakati muziki umefika kwenye chemko, pale mwendo unapokazwa na wachezaji hawataki tena kukaa, umeme ulikatika. Giza. Kinanda na besi vilikufa palepale. Mpiga ngoma hakusita hata pigo moja. Mzee aliweka gitaa chini, akaanza kuimba ile sehemu ya besi kwa mdomo, na watu wakapiga makofi. Mtu akawasha taa ya simu. Tulikwenda hivyo kwa dakika kadhaa. Umeme uliporudi, kijana aliingia mahali hasa ambapo angekuwa kama hakuna kilichotokea. Ndipo nilipofahamu kwa nini wajuzi wa jazz wanapenda kundi la watatu. Kila mmoja hana budi kuubeba wimbo wote kichwani, kwa sababu hajui ni saa ngapi ataachiwa yeye.

Walipopumzika nilimwendea mzee. “Shikamoo, baba.” “Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali?” Tukazungumza. Aliniambia kwamba katika ujana wake alipita bendi tatu za mkoa huu, na katika zote tatu gitaa halikuwa lake. Lilikuwa la klabu, au la tajiri mwenye bendi. Ukigombana naye unaondoka na mikono mitupu, hata kama wewe ndiye uliyetunga nyimbo. “Na hivi vya leo, baba, ni vya nani?” Akaonyesha kwa kidevu kinanda, gitaa na vipaza sauti. Vyote vimekodishwa. Mwenye vyombo huchukua fungu lake kwanza, hata watu wasipojaa. Wapigaji hugawana kinachobaki.

Jambo hili lilinikaa moyoni kuliko muziki. Maana nyimbo nazo zilishuka njia ileile ya pembe. Kwa miaka mingi Radio Tanzania ilikuwa karibu studio pekee ya kurekodi bendi nchini. Bendi ilipanda gari la moshi hadi Dar es Salaam, ikarekodi, ikarudi. Kanda zilibaki huko. Santuri zilitengenezwa Nairobi na makampuni ya huko. Malipo yalikuwa madogo, na mara nyingi yalikuwa ya siku moja tu, wakati wimbo ulichezwa kwa miaka thelathini. Sheria ya hakimiliki iliyo na nguvu kidogo tuliipata mwaka 1999, na kwa wazee wengi ilikuja wakati majina yao yamekwisha kufifia kwenye maboksi ya kanda. Mpagazi wa zamani angalau alirudi nyumbani na merikani yake.

Najua baadhi ya wazazi watauliza kwa nini gazeti linasifu muziki wa kwenye vilabu. Haki yao. Bia ilikuwapo pale, na mlangoni wamo wanaokunywa mshahara wa mwezi kwa usiku mmoja. Lakini yule kijana wa kinanda, nilipomwuliza amefundishwa na nani, alijibu kwamba alijifunza kwenye kwaya ya parokia. Katekista alimwachia ufunguo wa kanisa kila Jumatano jioni, basi. Hakuna chuo alichosoma. Kama yule wa Cape Town, alianza kwa nyimbo za ibada, vidole vikafika vilipofika. Nami nimepata kuona parokia, siitaji, ambapo kinanda kizuri kilicholetwa na wafadhili kimefungiwa kabatini mwaka mzima, kisije kikachezewa na watoto.

Jumapili mchana nilimkuta kijana yuleyule nyumbani kwao, chini ya mwembe. Alikuwa na watoto wanne na kinanda kizee chenye meno manne yaliyong'oka. Hakikuwa cha kukodi. Alikinunua kibovu, akakitengeneza mwenyewe. Mtoto mmoja alipewa mkono wa kushoto tu, mwingine wa kulia, wa tatu alipiga debe. Wa nne, binti wa miaka kama tisa, alikuwa anangoja zamu yake huku akicheza vidole juu ya goti. Nilimwuliza kama anajua meno ya piano zamani yalitengenezwa kwa kitu gani. Akatikisa kichwa. Nikamweleza habari za ndovu, za wapagazi, za nyumba za vioo. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akagusa jino moja jeupe.

“Haya ni plastiki,” akasema.

Nikamwambia ndiyo. Viwanda vile viliacha pembe zamani, na mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara yake. Akaitikia, akavuta kigoda karibu, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imefika.